Mgiriki Niliyemtunga

Sanduku langu la bati lilinuka omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na hakuna sabuni iliyoweza kuitoa harufu ile. Bibi yangu, aliyenilea kule Muhuru, alikuwa akianika omena ufuoni juu ya nyavu kuukuu. Nilipopata nafasi katika shule moja ya bweni upande wa Uriri, alinijazia kopo zima, akalifunga kwa kitambaa na kulizamisha katikati ya sare zangu mbili, ili nisisahau nilikotoka. Kopo lilifunguka njiani. Tangu siku hiyo kila nilipoinua kifuniko cha sanduku bweni zima lilijua, na wasichana waliotoka mbali na ziwa walijifunika pua kwa shuka. Mpaka leo, nikipita sokoni mahali wanapouza omena kavu, pua yangu hainipeleki ziwani kama mtu angedhani. Inanipeleka kwenye chumba kirefu cha udongo chenye paa la bati, vitanda kumi na viwili vya mbao, na sauti ya madebe yakigongana kabla jua halijachomoza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kitanda kilichokuwa karibu na changu kilikuwa cha Robi, msichana wa Kikuria kutoka upande wa mpakani, mrefu, mwenye mwendo wa pole na macho yasiyopitwa na kitu. Yeye peke yake hakulalamikia harufu yangu. Mimi sikujua Kikuria na yeye hakujua Kijaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili tulichookota barabarani na dukani, tukikosea hovyo bila kuoneana haya. Aliniambia kwamba nyumbani kwao kazi yake ilikuwa kusimama kwenye lango la zizi jioni. Ng'ombe wa baba yake waliingia kwa kusukumana, vumbi limetanda, na wa mwisho alipopita Robi alisema wawili hawapo, tena akawataja kwa rangi zao. Sikumwamini, mpaka siku alipotazama mara moja tu foleni ya chakula na kusema ni nani na nani hawajafika.

Mwalimu wetu wa darasa aliitwa Zablon. Alikuwa kijana, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi ya mkaa hadi mkunjo unakata, na mikono ya shati lake daima ilikuwa na unga wa chaki. Tulimpenda, kwa sababu hakutuchapa ovyo na alifundisha kama mtu aliyefurahi kuwa hai. Alikuwa na kitabu kimoja kinene chenye jalada jekundu, cha mawazo ya wanafalsafa wakubwa wa dunia, ambacho alikibeba kwapani hata akienda kuoga mtoni. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa kabla hakijafika mikononi mwake, na alizoea kusema kwa huzuni kwamba Wagiriki wengi waliishia tumboni mwa mchwa. Kila asubuhi aliandika wazo moja kwenye kona ya ubao, na chini yake jina la mwenye wazo kwa chaki ya rangi. Sisi tuliyanakili mawazo hayo nyuma ya madaftari yetu. Mengi hatukuyaelewa, na sidhani kama yeye aliyaelewa yote, lakini majina yale yalikuwa marefu na matamu kutamka.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Ukisema jambo lolote darasani, aliuliza, "Nani alisema?" Siku moja mvulana aliyeketi mbele yangu alisema kwamba mahindi yanayopandwa karibu na kichuguu hustawi kuliko mengine.

"Nani alisema?"

"Nimeona shambani kwetu, mwalimu."

"Kuona si kusoma. Kaa chini."

Mvulana akakaa. Nasi tukajifunza, bila mtu kutuambia waziwazi, kwamba kilichomo ndani ya vichwa vyetu hakina thamani mpaka mtu wa mbali awe amekisema kwanza.

Sasa nieleze habari za maji. Shule haikuwa na kisima. Asubuhi wavulana walifagia uwanja, nasi wasichana tulishuka mtoni na madebe, safari ya kwanza kwa ajili ya jikoni na safari ya pili kwa ajili ya nyumba za walimu. Njia ilikuwa ya mteremko wakati wa kwenda na ya mlima wakati wa kurudi. Wavulana walimaliza kufagia, wakanawa, na saa mbili kamili walikuwa darasani wakianza somo la kwanza, ambalo lilikuwa hesabu. Sisi tuliingia baadaye, shingo zikiuma, nguo zimelowa mgongoni, na kukuta ubao umejaa na wenzetu wanafanya zoezi. Tulinakili maswali kwa mtu wa karibu na kubahatisha majibu. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa ajabu. Ndivyo tulivyoikuta shule, na ndivyo mabinti wa kabla yetu walivyoikuta.

Matokeo ya muhula wa kwanza yaliposomwa, wavulana walishika nafasi za juu katika hesabu na sisi tukafuata mkiani, Robi akiwa wa mwisho kabisa. Mwalimu Zablon hakutukejeli. Alifungua kitabu chake taratibu, akatafuta ukurasa, na kunakili ubaoni maneno ya mwanafalsafa mmoja wa Ulaya aliyedai kwamba kichwa cha mwanamke kimeumbwa kwa ajili ya huruma na malezi, si kwa ajili ya namba. Alituandikia maneno yale kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa maradhi yake ili aache kujilaumu. Robi aliyanakili kwa mwandiko wake mzuri, akayapigia mstari. Mchana ule tukifua nguo aliniambia, "Basi sasa najua. Nilidhani ni uvivu."

Huenda nami ningeyaamini mpaka leo kama nisingeota jipu. Lilitokea shingoni mwanzoni mwa muhula wa pili, kubwa kama yai la kanga, na kwa wiki nzima sikuweza kubeba kitu kichwani. Nikaachwa shuleni. Kwa mara ya kwanza nikawa darasani saa mbili kamili, nimeketi na nguo kavu, nikamsikia Mwalimu Zablon akieleza namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu tangu mwanzo. Alichora chapati ubaoni, akaikata, akaigeuza, akatania, akarudia kwa wale ambao hawakuelewa. Nilielewa yote. Nilipata maswali yote manane. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Wenzangu walipoingia na madebe yao yakilia nje ukutani, niliwatazama wakifungua madaftari kwa haraka, na jambo likaniingia akilini kwa urahisi kiasi kwamba nilishangaa halijamwingia mtu mwingine. Nikainua mkono.

"Mwalimu, wasichana hawashindwi na hesabu. Huwa hawapo ikifundishwa."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Darasa lilicheka. Hata wasichana walicheka. Mwalimu alitabasamu kwa huruma. "Wewe, Atieno, umeandika kitabu gani?" Nikakaa, masikio yakiwaka.

Jumamosi ile nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani, jipu limepasuka na linauma kidogo tu. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kipande cha katoni ambacho mpwa wa bibi alikuwa amekiandika kwa rangi ya buluu na kukibandika kwenye sanduku langu ili wapakiaji wa basi walitenge na mizigo ya watu wengine. Kilisomeka OMENA. Kwa kukosa la kufanya nilikisoma kutoka mwisho. Nikakisoma tena. Nikaketi.

Jumatatu niliinua mkono. Nikasema kwamba kulikuwa na mwanafalsafa wa Ugiriki aitwaye Anemo, na kwamba yeye alisema hivi: kabla hujasema mtu hajui, uliza alikuwa wapi wenzake walipokuwa wakifundishwa.

Mwalimu Zablon alisimama wima. "Umempata wapi?"

"Kwenye gazeti, mwalimu. Lilikuwa limefungia sabuni."

Alinitazama, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa shaka bali furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. "Anemo," alisema polepole. "Huyo alikuwa katika kurasa za mwanzo. Lazima alikuwamo." Akaenda ubaoni na kuandika maneno yangu kwa herufi kubwa, kisha jina kwa chaki nyekundu. Darasa zima likanakili. Robi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka mtoni, akanakili pia.

Maneno yale yalisafiri kuliko nilivyodhani. Mwalimu Mkuu aliyasoma kwenye paredi. Mhubiri aliyatumia Jumapili, akimchanganya Anemo na mmoja wa mitume. Kisha yakapakwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa ofisi, na kila asubuhi sisi wasichana tulipita chini yake na madebe yetu, kwenda mtoni. Watu wote walikubali kwamba Mgiriki yule alikuwa na hekima kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sisi tulikuwa wapi saa mbili.

Nami nilinogewa, lazima nikiri. Niliyekuwa nikichekwa kwa harufu sasa niliitwa msomi. Niliposema jambo kwa kinywa changu liliangukia sakafuni, na nilipolisema kwa kinywa cha Anemo liliokotwa na kufutwa vumbi. Kwa hiyo Anemo akawa na maoni juu ya subira, juu ya mvua, hata juu ya ugali ulioungua. Siku moja mtoni nilimweleza Robi siri yote. Alicheka mpaka debe likamtoka mkononi, likaanza kwenda na maji, tukalikimbilia. Tulipolishika aliacha kucheka.

"Huyo Mgiriki wako amepata heshima," alisema. "Sisi tumepata nini?"

"Ngoja kwanza. Wataelewa tu."

"Nani atawaelewesha? Yeye?"

Nilimwambia asiwe na haraka. Hiyo ni sentensi ambayo nimeijutia kuliko uongo wenyewe.

Wiki tatu kabla ya kufunga muhula wa pili wazazi waliitwa shuleni. Baba yake Robi, Mzee Marwa, alifika amevaa koti zito juu ya shuka, viatu vyake vimejaa vumbi la safari ndefu. Tuliketi wote katika darasa letu, wazazi kwenye madawati na sisi tumejipanga ukutani. Zamu yake ilipofika alisimama na kuongea Kiswahili kizito, bila haraka.

"Mwalimu, huyu mtoto nyumbani hapotezi ng'ombe hata mmoja. Hapa mnaniandikia barua kwamba hajui kuhesabu. Iko nini?"

Mwalimu Zablon alifungua kitabu chake akasoma maneno ya yule wa Ulaya, akayafasiri kwa heshima. Mzee Marwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtu amemwona Robi?"

"Hapana, mzee. Alikufa zamani sana."

"Basi mimi nauliza wewe. Wewe unamwona kila siku. Wewe unaona nini?"

Mwalimu alifunua kurasa mbili tatu za kitabu, vidole vikitafuta, na nikaona, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyokuwa mchanga. Mwishowe akasema, "Mgiriki mmoja, Anemo, anatuambia kwamba kabla hujasema mtu hajui, uliza alikuwa wapi wenzake walipokuwa wakifundishwa."

Mzee Marwa alilipokea neno lile kama mtu anayepokea jembe, akilipima uzito. "Huyo amesema vizuri," alisema. "Haya. Alikuwa wapi?"

Mwalimu Zablon alikuwa akimtazama mzee kana kwamba hajawahi kuyasikia maneno yale. Robi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisikia sauti ikisema, "Alikuwa mtoni," na sauti ile ilikuwa yangu.

"Atieno, nyamaza," Mwalimu Mkuu alisema.

"Mwache aseme," alisema Mzee Marwa.

Nikasema. Nilisema habari za madebe, safari mbili, mlima, ubao tuliokuta umejaa, na jipu langu. Kisha, kwa sababu nilijua nitaulizwa, nikasema kwamba Anemo hakuwahi kuishi popote. Mwalimu Zablon aliniuliza kwa sauti ndogo Anemo ni nani basi.

"Ni omena, mwalimu. Ukiisoma kutoka nyuma."

Alichukua chaki akaandika jina lile ubaoni, akapitisha kidole chini yake kutoka kulia kwenda kushoto, herufi moja moja. Wazazi waliojua kusoma walianza kucheka, wakawaeleza wasiojua, nao wakacheka. Yeye hakugeuka kwa muda mrefu. Nilitamani nife.

Mzee Marwa hakucheka. Aliniuliza, "Umejua hii maneno tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa muhula."

"Na umekaa na hiyo."

"Nilisema, mzee. Ila kwa jina la mtu mwingine."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, akasema kwamba shule ambayo mwalimu haoni na mtoto anayeona anajificha, yeye hawezi kuacha mtoto wake humo. Akaongeza kwamba siku mtu atakapomwambia jambo aliloliona mwenyewe kwa macho yake, atamsikiliza. Alasiri ile Robi alifunga sanduku. Nilimsaidia kukunja shuka. Mlangoni alinishika mkono, akasema, "Ungesema mapema," akamfuata baba yake.

Mwalimu Mkuu alinipa wiki mbili za kufyeka nyasi kwa kosa la kudanganya, na niliona ni haki. Maneno ya juu ya mlango yalipakwa rangi yakafutika. Mwalimu Zablon alifundisha siku nne bila kuandika wazo lolote kwenye kona ya ubao na bila kunitazama. Siku ya tano, tulipokuwa tukichota maji, tulimwona akishuka njia ya mtoni bila kitabu, ana saa yake ya mkononi na debe tupu. Alichota, akajitwisha begani kwa taabu, akapanda nasi, akamwaga nusu njiani, akarudi nasi safari ya pili. Tulipofika darasani wavulana walikuwa wakimngoja, ubao mtupu, na shati lake limemganda mwilini. Alitazama saa. "Saa tatu na dakika kumi," alisema, si kwetu, kama mtu anayejisomea. Jumatatu iliyofuata ratiba ilibadilishwa. Maji yaliletwa na wote, wavulana kwa wasichana, na hesabu ikahamishiwa baada ya chai.

Yaliyotokea baadaye nilisimuliwa na Robi. Likizo ilipoanza Mwalimu Zablon alipanda baiskeli akaenda mpaka kwao, siku mbili njiani. Alifika jioni, magurudumu yamejaa tope, akamkuta Mzee Marwa zizini. Hakutaja jina la mtu yeyote. Alisema, "Nimewafuata mtoni, mzee. Nimebeba debe. Nimeona. Kosa lilikuwa langu." Mzee Marwa alimpa maziwa, akamwacha asimame langoni pamoja na Robi ng'ombe wakiingia. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, kitanda cha karibu na changu hakikuwa kitupu. Mwisho wa mwaka Robi alikuwa wa tisa katika hesabu. Hakuwa wa kwanza, na wala hakuhitaji kuwa.

Mwalimu hakukitupa kitabu chake, na sikutaka akitupe. Aliendelea kuandika wazo kila asubuhi, lakini akishaliandika aliweka chaki mezani na kutuuliza, "Ninyi mnaonaje?" Wiki za kwanza hakuna aliyejibu. Tuliketi arobaini tukitazamana. Hatukuwa tumezoea kuulizwa, na kimya kile kilikuwa kigumu kuliko zoezi lolote.

Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, naishi Suna. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kama kichekesho, na watu hucheka pale pale wazazi wa siku ile walipocheka. Robi, ambaye ana duka lake mpakani na wajukuu kunizidi, hacheki sana. Mwaka jana aliniambia jambo ambalo hakuwa amenieleza kabla. Alisema kwamba hata baada ya kurudi shule, hata baada ya kuwa wa tisa, aliendelea kuyaamini maneno ya yule mtu wa Ulaya kwa miaka. Alipokosea hesabu ndogo tu dukani alijiambia, ndiyo hivyo, kichwa changu hakikuumbwa kwa haya. "Mambo ya maji yaliisha haraka," alisema. "Yale maandishi hayakuisha."

Siku hizi kila mtu ana kitabu cha Mwalimu Zablon mfukoni, tena kisicholiwa na mchwa. Asubuhi simu yangu hulia, na mawazo ya wakubwa wa dunia huingia moja baada ya jingine, kila moja na picha ya jua likichomoza. Mengi ni mazuri. Nayasoma, na nikiwa mkweli mara nyingine nayatuma mbele bila kuyafikiria, kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa hata katika umri huu bado naogopa kidogo kusema jambo lisilo na jina kubwa nyuma yake.

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesoma Homa Bay alinitumia hotuba aliyotaka kuisoma shuleni kwao, juu ya elimu, ili nimsahihishie. Kurasa tatu, majina kumi na moja. Nikamwambia ayatoe majina yote pamoja na maneno yao, kisha anipigie. Alinipigia baada ya saa nzima, amekasirika.

"Bibi, zimebaki sentensi mbili."

"Nisomee."

Ya kwanza ilisema kwamba elimu ni muhimu. Ya pili ilisema kwamba shule yao iko karibu na ziwa kiasi cha kusikia mawimbi darasani, lakini mwaka mzima hawajawahi kufundishwa jambo lolote wakiwa wamelitazama ziwa lenyewe. Nilizaliwa kando ya ziwa lile, nikafundisha kando yake, na wazo hilo halikuwahi kunijia.

Nikamwambia aanzie hapo.